Nimeigiza mpagazi wa Kariokor juani wikendi nzima: uzi wa jasho, unga na shingo

#1 Kata Kichwani

Wadau, habari za jioni. Tangu jana nimelala kifudifudi kwa sababu shingo haigeuki, kwa hivyo nina muda wa kuandika. Anayetafuta uzi mfupi apite tu.

Mimi ni mmoja wa kikundi kidogo cha maigizo ya historia hapa Nairobi. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi kwa kazi hii. Yuko mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa matatu, fundi wa simu, dada wawili wanaouza mitumba Gikomba, na mimi ninayeshika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi. Tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa moja huku Eastlands, tunachagua kisa cha zamani, tunakisoma mpaka kituingie, kisha tunakivalia nguo na kukicheza mbele za watu. Mwaka jana tulicheza ujenzi wa reli, tukaanzia Mombasa 1896 tukaifikisha Nairobi 1899 kwa dakika ishirini, na simba wa Tsavo akiwa fundi wa simu ndani ya zulia. Mwaka huu mwalimu, ambaye ndiye mkubwa wetu, akaleta vita vya 1914 hadi 1918, vile vilivyopiganwa huku kwetu kati ya Mwingereza na Mjerumani.

Sasa mnajua igizo likiwa la vita kila mwanamume anataka bunduki. Mimi pia nilitaka. Nilishajiona niko ndani ya kaki, miguu imezungushiwa vile vitambaa vya askari wa King's African Rifles, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, mpaka chini ya goti, mke wangu akinipiga picha. Tukavuta vijiti. Nikavuta kifupi. Kifupi kilikuwa cha mpagazi, mbeba mizigo wa jeshi.

Mavazi ya mpagazi ni haya: blanketi la kijivu, shuka kiunoni, kibati cha namba shingoni, na miguu peku. Basi. Blanketi nililipata Gikomba kwa shilingi 250. Kibati nilikikata mwenyewe kutoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikakitoboa kwa msumari na kukitia kamba ya kiatu. Wenzangu wa kundi la askari walinunua kaki Biashara Street, wakashonewa na fundi aliyewapima mpaka vifundo vya mikono. Bunduki zao za mbao zilichongwa na seremala wa Gikomba ambaye bado anaamini ni za harusi ya mtoto wa jenerali fulani.

Maonyesho yenyewe yalikuwa ya wazi, wikendi ya pili ya Februari. Mnaoishi Nairobi mnaijua Februari. Kuanzia Januari mpaka mvua ya masika ishuke ndio wakati jiji hili linapokumbuka kwamba liko karibu na mstari wa ikweta. Jua linakaa utosini. Na kwa kuwa tuko juu, kama mita 1,700 hivi, hewa ni kavu na jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani uko sawa. Kumbe unakauka kama omena.

Tuliahidiwa hema. Tulipofika Jumamosi saa mbili, hema letu lilikuwa limeshapewa watu wa vinywaji, na sisi tukaonyeshwa kipande cha uwanja kisicho na hata kichaka. Maji tulipewa chupa ndogo moja kwa kichwa, ya kutwa nzima. Waandaaji siwataji, wala msiniulize. Mlangoni nako walinzi walituzuia nusu saa kwa sababu ya zile bunduki. Mmoja alizigonga kwa ngumi, akasikia mbao, akazinusa, na bado akapiga simu kwa mkubwa wake.

Tulicheza mara mbili, saa tano na saa nane. Igizo linaanza na mnyapara akituita kwa namba, halafu tunabebeshwa mizigo, tunatembea kuzunguka uwanja kama tunatoka Voi kwenda mpakani Taveta, risasi zinalia (ngoma ya mapipa), wengine tunaanguka, tunafunikwa blanketi. Mzigo wangu ulikuwa sanduku la katoni lililovikwa gunia. Ndani hamna kitu, mlikuwa na magazeti tu ili lisibonyee.

Raundi ya saa nane nikapita karibu na kamba ya watazamaji. Alikuwapo mama mzee amekaa kwenye kigoda chake, leso mbili, mwavuli. Nikampita nikihema kama nilivyofundishwa, uso nimeukunja. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Kijana, hilo sanduku halina kitu."

Watoto wakacheka. Mimi nikaendelea kutembea, lakini niliisikia ile sentensi mpaka kwenye matatu. Aliona shingoni. Mtu aliyebeba kweli shingo yake inatulia, macho yanakuwa mbele, hatua zinakuwa fupi. Mimi nilikuwa nageuza kichwa huku na huku nikitafuta nani ananipiga picha. Na hakuna aliyekuwa ananipiga picha, wote walikuwa kwa askari.

Nakunywa chai. Jumapili inakuja.

#2 Pwani Raha

Hahaha, Nairobi nyuzi 28 ndio mnalia joto? Njooni Mombasa mwezi wa tatu, hata usiku shuka unaitupa. Endelea lakini, kisa ni kitamu.

#3 Muuza Miwa

Nilikuwepo Jumamosi! Wewe ndiye uliyekuwa na blanketi lenye mstari mwekundu? Pole sana kaka. Nami nilipiga picha na askari. Samahani.

#4 Kata Kichwani

@Muuza Miwa ni mimi. Umesamehewa, lakini kwa shida.

@Pwani Raha joto lenu ni la maji, jasho linatiririka na mtu anajiona. La huku ni la kisirisiri. Na ushahidi ninao, kwa sababu aliyeanguka kwanza hakuwa mpagazi. Alikuwa askari.

Jumamosi hiyohiyo, igizo la pili limekwisha, tumepanga foleni ya picha. Askari wetu mrefu kuliko wote, huyo dereva wa matatu, amesimama katikati ya watoto kama nguzo. Nilimwona akiyumba kidogo, nikadhani anacheza. Kisha akasema, "Nani amezima taa?" Saa tisa mchana! Akaketi chini polepole, bunduki ya mbao ikamwangukia.

Ile kaki iliyopimwa mpaka vifundo ilikuwa poliesta. Ukiivaa juani ni sawa na kuvaa karatasi ya nailoni. Na vitambaa vya miguuni alikuwa amevikaza kama anafunga mzigo wa juu ya gari, kwa sababu Ijumaa kwenye mazoezi vilikuwa vinamfunguka na tulimcheka. Chai ya asubuhi ndio ilikuwa chakula chake cha mwisho. Maji yake alimpa mtoto mmoja aliyekuwa analia.

Bahati yetu, kati ya watazamaji alikuwapo muuguzi. Alikuja bila haraka, akamwuliza mambo matatu: "Unaitwa nani? Leo siku gani? Uko wapi?" Akajibu yote, ingawa siku aliikosea kisha akairekebisha. Dada akamgusa shingoni, akaona jasho lipo, akasema basi huyu tutamalizana naye hapahapa. Tulimvuta hadi kivuli cha lori, tukamfungua kaki, tukamvua vile vitambaa (miguu ilikuwa na alama kama ya kamba ya mbuzi), tukamwinua miguu juu ya mzigo wangu. Sanduku langu tupu lilipata kazi ya kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo. Blanketi langu likaloweshwa maji, akafunikwa kifuani, na wale wauza mitumba wawili wakampepea kwa kadibodi.

Baada ya robo saa akauliza kama gari lake limeoshwa. Tukajua amerudi.

#5 Sista wa Zamu

Mimi si yule muuguzi, ila naona alifanya vizuri. Naongeza kidogo kwa ajili ya wanaocheza, wanaohubiri barabarani, na wanaouza kwenye taa za barabarani msimu huu.

Mtu akilegea kwa joto, akawa na kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza, lakini akili ipo: kivuli, alazwe, nguo zilegezwe, maji mwilini na upepo, anywe kidogo kidogo. Akianza kuongea yasiyoeleweka, au akazimia asiamke, au mwili ni moto kama jiko, hiyo si ya kivulini tena. Ni hospitali mbio, huku mkiendelea kummwagia maji njiani. Na msimnyweshe mtu asiyejitambua, mtampalia.

Maji matupu peke yake hayatoshi ukitoka jasho siku nzima. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Pima, usikisie, chumvi ikizidi ina madhara. Na usisubiri kiu.

Halafu kaka, poliesta Februari? Mlikosa pamba Biashara Street nzima?

#6 Mzee wa Kumbukumbu

Nimesoma yote. Pongezi, lakini nina malalamiko ya kitaalamu, mnisamehe maana ndio ugonjwa wangu.

Kwanza, kwenye picha zinazozunguka naona askari wenu wana tarbushi. Tarbushi ilikuwa ya gwaride. Vitani walikuwa na kofia fupi ya kaki yenye kitambaa cha kufunika kisogo. Mngefuata historia, huyo dereva wenu angekuwa na kivuli cha shingo bure.

Pili, mnyapara wenu amevaa akala za tairi. Mwaka 1917 tairi kuukuu za kushonea viatu zilitoka wapi, na magari yenyewe yalihesabika?

Tatu, kibati cha namba mmepatia. Hongera.

#7 Kata Kichwani

Mzee shikamoo. Akala ni kosa letu, tumekubali, mnyapara atatembea peku kama sisi na nitafurahi kumwona. Kofia pia tumeisikia.

Sasa Jumapili.

Usiku wa Jumamosi sikulala vizuri kwa sababu ya yule mama. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia mwalimu simu nikamwambia, mimi leo nataka kubeba kitu. Akanyamaza, akaniuliza, "Kiasi gani?" Hapo ndipo hesabu zangu za dukani zilipofaa. Misafara ya zamani, tangu enzi za Zanzibar, ilikadiria mzigo wa mtu mmoja kama frasila mbili hivi au pungufu kidogo. Frasila moja ni kama kilo 16. Katika vita mizigo ikapunguzwa, si kwa huruma, ila kwa sababu watu walikuwa wanaanguka. Tukasema tuchukue kilo 24 au 25.

Na kilo 24 Nairobi ni nini? Ni belo moja la unga. Paketi 12 za kilo mbilimbili zilizofungwa kwa karatasi. Kila mama mwenye kibanda anaijua. Tena unga ndio wenyewe waliobeba! Msafara ulibeba risasi, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa chakula cha jeshi, na kila siku unayoongeza ya kutembea, aliyebeba naye anataka kula. Unabeba unga wa kuwalisha wabeba unga. Hesabu hiyo ilikuwa inaniuma kichwa hata kabla ya belo kukaa juu yake.

Tukachanga, tukanunua. Nikapita Kariokor sokoni kutafuta ukanda wa ngozi wa kufungia. Yule fundi wa ngozi akaniuliza wa kazi gani. Nikamwambia naigiza mpagazi wa Carrier Corps, kile kikosi cha wabeba mizigo wa Mwingereza. Akasema hawajui hao. Nikamwambia, hapa uliposimama pameitwa Kariokor kwa sababu yao, Mwingereza alikuwa na kambi yao hapa, sisi tukalitamka jina tulivyoweza. Akaendelea kukata ngozi, akasema, "Nimekaa hapa miaka 19, nilidhani ni jina la Kiluo." Jirani yake akasema yeye alidhani ni la Kimaasai. Wakaanza kubishana, nikawaacha. Bei hawakunipunguzia.

Saa tano, igizo la kwanza. Belo kichwani, chini yake taulo nimelikunja mara nne. Hatua kumi za kwanza ni rahisi, unajiona mwanamume. Hatua ya hamsini shingo inaanza kutetemeka kwa ndani, si kwa nje, mtu hawezi kuiona. Mikono miwili juu kushikilia, damu inashuka, vidole vinakufa ganzi. Huwezi kufuta jasho la macho, kwa hivyo linaingia, linachoma. Nyasi za uwanja zilikuwa zimekauka zikawa kama miswaki. Halafu kuna kipande cha lami kati ya uwanja na jukwaa, kama hatua kumi na tano. Wenye viatu hata hawakijui. Mimi nilikivuka nikiruka kama mtu anayekanyaga makaa, na belo likateleza nyuma, nikalidaka kwa ukanda. Blanketi nalo liko begani, la sufi, saa tano na nusu, Februari.

Sikuweza kuigiza kabisa. Hakukuwa na nafasi ya kuigiza. Mnyapara aliniita namba yangu mara tatu sikuitika, kwa sababu nilikuwa nahesabu hatua.

Yule mama alikuwapo. Kigoda kilekile, mwavuli uleule.

#8 Muuza Miwa

Usikate hapo bwana!!

#9 Mtoto wa Ilala

Wakuu, nasoma kutoka Dar. Na sisi Kariakoo yetu chanzo ni hicho hicho, Mwingereza alipoingia akaweka wapagazi wake pale. Leo watu wanagombania fremu za maduka, hakuna anayekumbuka. Sanamu ya Askari ya Samora Avenue tunayo, iliwekwa 1927, lakini ni askari peke yake na bayoneti yake. Mpagazi hayupo pale juu. Ninyi Nairobi mmewahi kuiangalia yenu vizuri?

Swali langu: kwa nini hawakutumia punda au ng'ombe? Maana mtu anabeba kilo 25, punda je?

#10 Kata Kichwani

Karibu jirani. Hilo la punda liliulizwa pia na mtoto mmoja uwanjani, na mwalimu akalijibu kwa neno moja: mbung'o. Farasi, nyumbu, ng'ombe, wote walipelekwa na wengi mno walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, haraka sana. Magari yalikuwa machache na mvua ikinyesha barabara ni tope. Reli ilijengwa kutoka Voi kuelekea Taveta kwa ajili ya vita hivyo, lakini von Lettow-Vorbeck, yule jenerali wa Wajerumani, hakukaa kando ya reli akisubiri. Alishuka kusini, akaingia Msumbiji, akazunguka, akaishia Abercorn, ambayo leo ni Mbala kule Zambia. Huko ndiko aliposalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Ufuate hapo ukiwa na unga kichwani kutoka pwani.

Sanamu yetu ya Kenyatta Avenue, ya 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Nimepita pale miaka mingi nikikimbilia matatu na sikuwahi kumwangalia huyo mtu. Jumatatu, kabla shingo haijakaza kabisa, nilikwenda. Nilisimama chini yake kama mjinga. Mpiga picha wa barabarani akaniuliza kama nataka ya haraka haraka.

Waliwalipa rupia chache tu kwa mwezi. Mwaka 1917, John Ainsworth aliposimamia ule msako mkubwa wa kukusanya watu, vijana walichukuliwa vijijini kwa maelfu. Wengi hawakufa kwa risasi. Ni kuhara damu, malaria, nimonia. Mtu wa milimani aliyezoea viazi na mtama anapewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, anaupika kwa haraka kwa kuni mbichi, tumbo linaharibika, na kesho anabeba. Upande wa Mwingereza pekee, wapagazi waliokufa hukadiriwa kufikia karibu laki moja. Mkuu wao, Oscar Watkins, alihangaika miaka baada ya vita ili mishahara ya waliokufa iende kwa jamaa zao. Mingi haikwenda.

#11 Kijana wa Umoja

Samahani kwa kuharibu sherehe. Mimi naona ni dhihaka. Watu laki moja wamekufa, nyinyi mnawacheza kwenye maonyesho kati ya bembea za watoto na soseji za smokie pasua, mnalipwa, mnapiga picha. Babu yako angekuwa mmoja wao ungefurahi?

#12 Kata Kichwani

Kaka, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Malipo: tuliahidiwa 1,500 kila mmoja kwa siku mbili. Mpaka naandika hapa hayajaingia kwenye simu ya mtu. Ukitoa nauli, unga na blanketi, nimeshapata hasara.

Kuhusu bembea na smokie, umesema kweli. Askari wetu walipigwa picha na mtoto aliyeshika pamba ya sukari. Mimi pia ilinikera, ingawa mwanzoni ilinikera kwa wivu. Lakini kuna ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ya Aprili 2021, iliyokiri kwamba waliokufa angalau 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa majina, au hawakukumbukwa kabisa, tofauti na wazungu waliokufa vita hivyohivyo. Tume iliomba radhi. Wangapi hapa Nairobi waliisoma? Mimi sikuisoma mpaka mwalimu aliponipa kwa sababu ya igizo hili la smokie. Ukiniambia tuyafanyie mahali penye heshima zaidi, nakubali. Ukiniambia tuache, hapana.

Na babu. Acha nimalizie yule mama.

Baada ya igizo la saa tano nilishusha belo nikakaa juu yake, siwezi kuinua mikono. Akaja na kijana aliyembebea kigoda, mjukuu wake nadhani. Nikaamka nikamwamkia. Hakusema habari za igizo. Aliinama, akatia mikono miwili chini ya belo, akalinyanyua kidogo tu, kama unavyopima kuku sokoni. Akasema, "Eeh. Leo kuna kitu."

Kisha akanyoosha mkono akachukua lile taulo langu. Akalikunjua, akalikung'uta, akasema hii si kata, hiki ni kitambaa cha kuogea. Akavua leso yake moja ya juu. Akaishika pembe, akaanza kuizungusha mkononi, anaikaza, anaizungusha, mpaka ikawa mviringo wenye tundu katikati, akaipachika ncha ndani isifunguke. Haikuchukua hata dakika. Akaniambia uzito usikae utosini, ukae pembeni mwa utosi, katikati pawe wazi. Akaniwekea kichwani mwenyewe, akaisukuma mbele kidogo. Wadau, igizo la saa nane nilibeba kwa kata ile na ilikuwa kama belo limepungua paketi nne. Mama zetu wengi hufundishwa hili wakiwa wadogo. Ila kwao kijijini, alisema, wanawake hubeba kwa ukanda wa kipaji, na wanaume hawakuwa watu wa kubeba mizigo kichwani hata kidogo. Kaka yake baba yake alichukuliwa. Hakuwa amewahi kuweka kitu kichwani. Ndivyo walivyokuwa wakisimulia nyumbani: alipoondoka, waliocheka walicheka kwa sababu ya jinsi alivyoshika mzigo.

Hakurudi.

Halafu akakishika kibati changu shingoni, akasoma namba, tarakimu nne. Akaniuliza, "Hii ni namba ya nani?"

Mzee wa Kumbukumbu alinipa hongera ya kibati, kwa hivyo ni vizuri ajue. Zile ni tarakimu za mwisho za simu yangu. Nilizigonga kwa msumari Ijumaa usiku huku naangalia mpira, nikaona hiyo rahisi, sitaisahau mnyapara akiniita. Nikamwambia ukweli. Hakukasirika. Alikiachia kikaning'inia, akachukua mwavuli wake, wakaenda kutafuta maji ya kunywa.

Leso sikumrudishia, niliisahau kichwani. Nilipokumbuka walikuwa wameshaondoka. Ni ya rangi ya chungwa na nyeusi, maua ya korosho pembezoni, jina la kanga limechakaa halisomeki vizuri. Kama kuna anayemfahamu mama aliyekuja Jumapili na kigoda cha miguu mitatu na mwavuli wa kijani, aniandikie pembeni.

#13 Sista wa Zamu

Shingo ikandwe kwa maji ya vuguvugu, usiivunjevunje. Ikifa ganzi mpaka mkononi, nenda ukaonwe. Na unga?

#14 Kata Kichwani

Asante dada. Ganzi imeisha, yamebaki maumivu tu.

Unga tumegawana. Paketi 12, watu 11. Ya kumi na mbili ilipasuka chini kwenye lami nilipokuwa naruka. Tulikuja kuona alama nyeupe kutoka jukwaani mpaka kwenye geti. Yangu tumeshaila na sukuma.

Mazoezi ni Jumamosi saa tatu, ukumbi uleule. Askari wanakuja na kitambaa cha pamba, mnyapara anakuja peku. Kibati nimekivua, nimekigeuza upande usio na kitu. Nyundo na msumari viko hapa mezani.